Damu ya Mzee

Kila Oktoba tunatia mkono katika kopo la biskuti,
tunachomoa karatasi moja, na rangi iliyoandikwa humo
ndiyo bwana wetu hadi soko la Desemba.
Mwaka juzi samawati: kila mtu alitazama juu,
ingawa Todmorden juu ni kijivu siku tatu kati ya nne.
Mwaka jana manjano, tukanuka maganda ya vitunguu.
Mwaka huu alichomoa Tamsin, mpuliza vioo,
akakunja uso. "Rangi ya masweta ya shule."
Nasreen akasema kwao ni rangi ya bibi harusi.
Wakanigeukia mimi, msuka vikapu: kwenu je?
Nikawafasiria neno kwa neno,
damu ya mzee.

Kimya. Birika likafoka.
Si damu ya kidole kilichokatwa sasa hivi, nikaeleza.
Ni ile iliyokaa.
Clifford Uttley, mfinyanzi, miaka themanini na mmoja,
akaulaza mkono wake mezani kama anayeutafutia bei,
pale mlango wa gari ulipomgusa Jumanne, ulimgusa tu,
ukamwachia doa chini ya ngozi.
"Ninayo tayari," akasema. "Tena bure."

Kumbe maisha yangu yote nimelitamka jina hilo
nikinunua uzi, nikichagua vitambaa,
nisijiulize hata siku moja ni mzee yupi,
na nani aliyemjeruhi.

Clifford alishindana na shaba. Shaba ni kaidi:
ukiipa hewa tanurini inageuka kijani,
ukiinyima, ukiifungia kama mtoto aliyetukana,
inaona haya, inaiva.
Mara tatu alifungua tanuri akakuta ini.
Bakuli moja la rangi ya ini aliliweka dirishani,
akawa analiamkia kila asubuhi.

Mimi nilianza na bitiruti. Usinicheke.
Jiko likawa machinjio, nikadhani nimeshinda,
lakini bitiruti ni mgeni wa maneno matamu:
maji ya kwanza tu, kaaga.
Matete niliyoyakata ukingoni mwa mfereji
(kwa kibali cha maandishi, nakala mbili)
yakabaki na rangi ya chai ya jana.

Nikanunua mizizi ya kale ya watia rangi,
mikavu, kama vidole vya kuku.
Ukiichemsha inaudhika, inakuwa kahawia,
basi nikaibembeleza kwa moto mdogo usiku kucha
ikanipa nyekundu ya kitoto, yenye makelele.
Haijazeeka.
Nikaingia bandani, nikakusanya misumari yenye kutu
aliyoiacha mpangaji aliyenitangulia,
nikaitumbukiza.
Kisha nikakalia ndoo iliyopinduliwa
nikaitazama rangi ikipata umri.
Ilichukua saa moja.
Mimi, mji huu umenichukua miaka ishirini na sita.

Siku ya soko mvua ilipata tundu katika turubai.
Meza tuligawana: mabakuli yake tisa,
vikapu vyangu saba, katikati flaski ya supu.
Mwanamke mmoja wa kutoka Leeds akainua kikapu,
akauliza, rangi hii inaitwaje?
Kabla sijafungua kinywa, Clifford akatoa kifua,
akalitamka kwa lafudhi ya bonde lao,
neno alilolifanyia mazoezi wiki sita mbele ya bakuli la ini:
"Damu ya meza."

Nikageuka nimsahihishe, ndipo nikaona.
Chini ya vikapu maji yalikuwa yameichukua rangi yangu,
yameipitisha katika mikwaruzo ya ubao mweupe wa halmashauri,
mstari mmoja mwembamba, na mwingine,
hadi ukingoni, tone, tone, juu ya kiatu cha Clifford.

"Ndiyo," nikamwambia yule mwanamke. "Hivyo hivyo.
Pauni kumi na nane.
Na ukifika nyumbani, usikiweke juu ya kitambaa cheupe."